Spika za mtumba kutoka Mwembe Tayari, na fundi aliekuja nyumbani na uzi

Nimekaa na hizi spika miezi minne ndio sasa naandika, sikutaka kusifu kitu siku ya kwanza na furaha ya kitu kipya bado iko moyoni. Ni jozi ya spika za mbao, za mtumba, wufa (ile ya sauti za chini) inchi sita na nusu na twita (ile ndogo ya sauti za juu) ya inchi moja, jina mbele lishafutika. Nlizinunua duka moja dogo upande wa Mwembe Tayari, hapa Mombasa, shilingi 14,500 baada ya kuvutana bei nusu saa nzima, mwenye duka alianza na 18,000. Juu ya hapo nkalipa 1,500 yule mzee fundi wa duka aje nyumbani kuziweka, na ntasema mapema kabisa, hiyo 1,500 imefanya kazi kuliko pesa zote nilizowahi kutoa kwa ajili ya mziki.

Kabla ya hapo nlikuwa na seti ya zile wanazoziita wufa, tunazozijua sote, spika moja kubwa ya chini na vitoto viwili, mataa ya kijani yanawaka waka, boksi limeandikwa wati elfu moja na kitu. Duka silitaji. Zile wati ni hesabu za PMPO, yani wamechukua kilele cha nukta ndogo ya sekunde wakakiandika kama ndio nguvu ya kila siku. Na hata zingekuwa za kweli, mzee alinieleza kitu ambacho natamani ningeambiwa miaka kumi nyuma: ukizidisha nguvu mara mbili sauti yapanda desibeli 3 tu (desibeli ndio kipimo cha ukubwa wa sauti), sikio laona imeongezeka kidogo basi. Ukitaka uisikie kama imekuwa kubwa mara mbili wahitaji kama desibeli 10, na hizo ni nguvu mara kumi. Kwa hivyo mtu anaekuuzia wati 200 badala ya 100 hajakuuzia kitu kikubwa hivyo, na sebule ya flati, mtu akikaa karibu, wati kumi za kweli zamtosha na zabaki.

Ile wufa nlikuwa nimeiweka kama walivyoweka wenzangu wengi. Dude la chini nimelisukuma pembeni kabisa kwenye kona ya ukuta, kitoto kimoja juu ya kabati ya TV, kengine juu ya friji manake waya haukufika kwengine. Taarabu ilikuwa haisikiki, wallahi. Udi unausikia kama umepigwa ndani ya mtungi, maneno ya muimbaji yamezama, besi yavuma vuu vuu mpaka vikombe vinatikisika, na jirani wa chini ameshapanda ngazi mara mbili kunambia, "mamangu mgonjwa, tafadhali kaka." Nlipopunguza sauti kwa ajili yake, ikabaki besi tu na maneno yakapotea kabisa.

Sasa pale dukani. Nlimkuta mzee amekaa kwenye kibao ana spika ameifungua, nkamwamkia shikamoo, nkamwambia nataka kitu kizuri lakini mfuko wangu ndio huu. Hakuniuliza mfuko una ngapi, aliniuliza, "Wakaa wapi mwanangu, na chumba chako hatua ngapi kwa ngapi?" Nkamwambia Tudor, gorofa ya tatu, sebule kama mita tano kwa tatu na nusu, chini vigae, ukuta saruji, dirisha kubwa la kioo. Akatikisa kichwa, akasema "basi we wakaa ndani ya birika." Na kweli, nani hajawahi kuita ndani ya birika tupu akasikia sauti inamrudia.

Kulikuwa na jozi nyengine nzuri zaidi kwa macho, nyeusi, inang'ara, nlikuwa nshaitamani. Akanishika kidole akakiweka kwenye ule ukingo unaozunguka wufa, kubonyeza kidogo tu, na ule ukingo ukabaki kwenye kidole changu kama makombo ya keki. Ni wa spanji. Joto na unyevu wa pwani huula ule ukingo hata spika ikikaa bila kupigwa, kwa hivyo ukinunua mtumba hapa kwetu tafuta ukingo wa mpira, na uangalie nyuma pale pa kuchomeka waya kama pameshaota kutu ya kijani ya chumvi. Hizi nilizochukua zina mpira na nyuma safi. Alinikubalia pia nichomeke simu yangu mwenyewe nisikize nyimbo zangu, sio zile za duka za kupiga boom boom kumshtua mteja. Hiyo peke yake yatosha mimi kurudi pale.

Fundi alisema atakuja baada ya alasiri. Alikuja magharibi imekaribia, mara mbili nimempigia simu haichukuliwi, na hilo sikulipenda, nlikuwa nimeomba ruhusa kazini. Alikuja na mfuko wa karatasi wa duka la nguo, ndani mna tepu ya kupimia, kibunda cha uzi wa seremala, kioo kidogo cha kunyolea, na pea ya ndara kuukuu. Nkajiuliza huyu ni fundi wa spika au fundi wa nini.

Kwanza akasimama katikati ya sebule akapiga kofi moja. Ule mlio ukaenda trrrrr kama mbawa za mdudu, kutoka ukuta huu hadi ule. Akanambia wasikia? hiyo ndio inakula maneno ya mziki wako, kila neno lina mkia mrefu na neno la pili laja kukalia mkia wa la kwanza.

Alafu uzi. Nlikuwa nimekaa kwenye kochi pahali pangu pa kila siku, akaniambia shika ncha ya uzi puani, akauvuta mpaka spika ya kushoto akafunga fundo, kisha akauhamisha mpaka spika ya kulia. Haukufika. Ulipungua sentimita arubaini na tatu, alipima na tepu nkaona na macho yangu. Nkamwambia mzee, hiyo sentimita arubaini ni kitu gani, sauti si yapita mbio? Akacheka kwa upole, akanieleza, na mimi baadae nkaenda kuzisoma hizo hesabu nkaona ni hivyo hivyo. Kwa joto letu la hapa, nyuzi thalathini, sauti yaenda kama mita 350 kwa sekunde. Ndio maana radi ukiona mwako ukahesabu sekunde tatu, imepiga kama kilomita moja kutoka ulipo. Sasa sentimita 43 ni milisekunde moja na kidogo, yani kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, na huwezi kuihesabu, lakini masikio mawili hayahitaji hesabu, yanajua ipi imefika mwanzo, na yakishajua yanageuza kichwa chako chote upande huo. Mjerumani mmoja Helmut Haas aliandika tasnifu yake juu ya jambo hili mwaka 1949: sauti ile ile ikija mara mbili na ya pili ikachelewa milisekunde chache, mtu hasikii mbili, asikia moja, na aiona yatoka kule ilikotoka ya kwanza. Ndio maana kwangu muimbaji alikuwa siku zote amejibanza kushoto kama mtu aliefukuzwa jukwaani.

Na ikichelewa zaidi, ikapita kama milisekunde hamsini, hapo ndio wasikia mbili kando kando. Hii twaijua sote bila kujua. Msikiti wa karibu na kwangu una vipaza viwili, kimoja kimeelekea kwetu na kengine kimeelekea barabarani kule, sauti yake yagonga gorofa ya mbele ndio inarudi, basi neno la adhana nalisikia, alafu nalisikia tena nyuma yake hafifu. Kila siku nlikuwa nafikiria ni mitambo imeharibika kumbe ni masafa tu.

Tukavuta kochi, tukasogeza spika, tukavuta tena, mpaka fundo la uzi likafika sawa pande zote mbili, mita mbili na sentimita kumi, na spika zenyewe zimeachana mita mbili. Twita akaziweka usawa wa sikio langu nikiwa nimekaa, kwa matofali mawili mawili chini maana stendi sina bado. Nkachagua taarabu ya zamani, udi na fidla na mtu mmoja anaimba. Aliimba katikati. Pale katikati hapana spika, pana ukuta mtupu na msumari wa kalenda, na sauti ya mtu yatoka pale, kulia kwake kidogo fidla, na udi wasikia hata kucha inapokwaruza uzi. Mke wangu alitoka jikoni na upawa mkononi akauliza umeweka spika ya tatu wapi.

Besi ndio ilitutesa. Akatoa simu akafungua programu yenye sauti moja tu, mvumo mmoja usiobadilika, akauweka kwenye 50 Hz, yani mitetemo hamsini kwa sekunde, akafungulia spika moja peke yake iliyo karibu na ukuta, akaniambia tembea, kutoka ukuta huu mpaka ule. Nkatembea. Nikiwa nimegusa ukuta wanijaa kifuani, nikifika katikati ya chumba wapotea karibu wote, nikifika ukuta wa pili warudi. Spika haijaguswa, sauti haijapunguzwa, ni mimi tu nimetembea hatua tatu nne! Nlirudia mara tano na watoto wakaja wakatembea nao. Maelezo yake ni haya: wimbi la 50 Hz lina urefu wa mita saba, nusu yake ni tatu na nusu, na sebule yangu upana wake ndio huo huo tatu na nusu. Limeingia sawasawa kama mfuniko na chungu chake, linaenda na kurudi kwenye kuta mbili na kujijaza pembeni, katikati linajifuta. Nami kochi langu lilikuwa limegandana na ukuta, na lile dude la zamani kwenye kona, ambapo kuta mbili na sakafu zote zinalisukumia besi. Kwa hivyo tukageuza chumba chote. Spika zikaenda ukuta mfupi, zimetoka mbele kama mita moja, kochi likaja katikati ya upana na nyuma yangu pakabaki mita mbili. Mama watoto hakufurahia njia ya kwenda barazani imekuwa nyembamba, mpaka leo tunasukumana kuhusu hilo.

Kioo cha kunyolea kilikuwa cha nini? Mimi nimekaa, yeye akakitelezesha ukutani pembeni taratibu, akaniambia ukiiona spika ndani ya kioo nambie. Nlipoiona akapiga alama ya penseli. Pale ndipo sauti inapogonga kabla ya kunifikia mara ya pili, maana sauti za juu huruka ukutani kama mwangaza unavyoruka kwenye kioo. Tukatundika zulia zito pale, pande zote mbili. Nlitaka kutundika leso manake ziko nyingi na zinapendeza, akanikataza, akasema leso nyembamba, yashika kidogo sana tena zile za juu kabisa tu. Na hata zulia haligusi besi. Kuishika sauti ya 100 Hz vizuri na kitu kama sufi au godoro unahitaji unene wa robo ya wimbi, hiyo ni karibu sentimita 88, nani ana nafasi hiyo Tudor. Besi dawa yake ni kusogeza spika na kusogea wewe mwenyewe.

Nilisoma baadae habari za profesa mmoja wa Harvard kule Marekani, Wallace Sabine, mwaka 1895 alipewa ukumbi wa mihadhara uliokuwa hausikiki kitu, neno moja linachukua sekunde tano na nusu kufa. Usiku akawa anabeba matakia ya viti kutoka ukumbi mwengine, anayapanga, anapuliza filimbi ya ogani, anahesabu na saa muda wa sauti kufa, na asubuhi anayarudisha kabla watu hawajaja. Hivyo hivyo na matakia ndio ikazaliwa elimu nzima ya kumbi za mziki. Na kipimo chake cha kwanza cha kitu kinachomeza sauti kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti ikitoka dirishani hairudi tena. Niliposoma hapo nkaenda kufungua lile dirisha kubwa la kioo na mapazia nkayavuta pembeni, nkapiga kofi. Ule mkia ulipungua nusu yake kwa sikio langu. Sisi wa Mombasa madirisha twayafungua kwa joto, hatujui kama twatengeneza mziki. Shida ni tuktuk za nje nazo zaingia, kwa hivyo mchana nafunga nusu.

Mzee pia alinipa jaribio la kufanya mwenyewe, nkalifanya Jumapili. Nlipandisha spika moja juu kwenye paa la gorofa, nkaipiga kwa sauti ile ile ya sebuleni. Mita moja nasikia vizuri. Mita mbili imepungua, mita nne imepungua tena, mita nane nasikia kama ya jirani. Mahali pa wazi kila masafa yakiongezeka mara mbili sauti yashuka desibeli 6, haina ukuta wa kuirudisha. Ndani ya nyumba haishuki hivyo, ukishasogea mbali kidogo unasikia kuta zaidi ya spika yenyewe, na ndio siri ya kukaa karibu: mita mbili kutoka kwa spika nasikia spika, mita tano nasikia vigae vyangu.

Lakini usiku mambo yageuka. Usiku wa harusi ng'ambo ya maji kule Mishomoroni, saa sita za usiku, nikiwa barazani nasikia ngoma kana kwamba iko mtaa wa pili. Hewa ya chini ikishapoa na ya juu bado ina joto, sauti inapinda kurudi chini badala ya kupotea angani, na maji tulivu hayaimezi. Kinachofika ni besi na mvumo, maneno na zumari hayafiki, manake hewa yameza zile sauti za juu njiani mapema kuliko za chini. Ndio hicho hicho jirani yangu alichokuwa akikipata kupitia sakafu: besi bila mziki. Zile ndara kuukuu ndio zilikuwa za hapo, mzee alizikata vipande vinene vya mraba akaviweka chini ya matofali, spika isitikise sakafu moja kwa moja. Jirani hajapanda tena. Nilimuuliza juzi kwenye ngazi, akasema asikia kwa mbali tu usiku na hata haimuudhi.

Kasoro zipo na lazima nizitaje. Kuchelewa nshasema. Dhamana waliyonipa ni wiki moja tu, na kwa bahati mbaya siku ya tano twita ya kulia ilinyamaza, nkabeba ile spika kwenye tuktuk mpaka Mwembe Tayari, kumbe ni waya wa ndani umeachia lehemu. Alinichomea pale pale bila malipo, ila nauli yangu ya kwenda na kurudi hakuna alieilipa. Waya wa spika walionipa bure ni mwembamba, nkabadilisha mwenyewe. Halafu mlangoni pa jikoni besi bado yavuma, yule mzee alisema hapo hakuna la kufanya na mimi nakubali, mziki siusikizi nikiwa jikoni. Na ukitumia blututhi kwa TV, midomo ya watu itakwenda mbele na maneno nyuma, hilo si kosa la spika, tumia waya.

Mwezi uliopita tulikuwa na shughuli kwa mamangu, Mji wa Kale, nkazipeleka kule. Ile nyumba ni ya mawe ya matumbawe, ukuta nene, juu boriti, vyumba virefu vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali, na ukuta wa ndani una vidaka vile vya zamani vya kuwekea sahani, juu ya hayo kuna matakia na mikeka na kitanda cha kamba. Niliziweka tu, bila uzi bila kioo, nkapiga kofi kwanza. Kofi likafa pale pale. Sauti ikigonga vidaka na boriti hairudi kwa pamoja, yatawanyika vipande vipande. Nikaweka ile ile taarabu ya udi. Mamangu alikuwa anachambua mchele, akaacha, akakaa kimya mpaka mwisho, kisha akaniambia huyu fidla alikuwa akija kwetu harusini, yuapiga hivi hivi, nlikuwa nshasahau alivyokuwa akivuta uta wake.

Hazikurudi Tudor. Ziko pale kwenye meza ndogo chini ya vidaka, na Jumamosi asubuhi naenda Mwembe Tayari kutafuta jozi nyengine. Mkienda nyinyi, Ijumaa wanafunga mapema kwa ajili ya swala, na chukueni vipimo vya chumba kabla hamjatoka nyumbani, mzee atawauliza.